Freddie Bila Queen: Sahani Moja, Chapa Mbili

Ukitaka kumkasirisha shabiki sugu wa Queen, mwambie kwamba Freddie Mercury alitoa albamu yake mwenyewe na kwamba ni nzuri. Atakunja uso. Atakuambia ile ni kazi ya likizo, sinthesaiza tupu, mashine za ngoma, disko ya Ujerumani. Atakuambia Freddie bila gitaa la Brian May ni kama pilau bila bizari. Muulize sasa mara ya mwisho aliisikiliza yote lini, wimbo wa kwanza hadi wa kumi na moja, bila kuruka. Hapo ndipo story inabadilika. Wengi wetu tunaijua Mr. Bad Guy kwa sifa mbaya tu.

Basi tuanze na yanayojulikana. Albamu ilitoka tarehe 29 Aprili 1985. Queen walikuwa chini ya EMI, lakini Freddie akaipeleka hii kwa CBS. Ilirekodiwa Munich, katika studio ya Musicland, iliyokuwa chini kabisa ya jengo la hoteli, na prodyuza mwenzake alikuwa Mack, yule Mjerumani aliyekuwa ameshafanya The Game, Hot Space na The Works pamoja na Queen. Nyimbo kumi na moja, dakika zipatazo 41. Uingereza ilifika namba 6. Wiki kumi na moja baada ya kutoka, Freddie alipanda jukwaani Wembley kwenye Live Aid, na dunia ikasahau kwamba kuna kitu kingine alikuwa amefanya mwaka huo.

Kwenye maandishi ya jalada aliwashukuru wenzake watatu wa Queen kwa kutomwingilia, na albamu yenyewe akamtunukia paka wake Jerry, kisha paka wake wengine, kisha wapenda paka wote ulimwenguni. Waliobaki akawaambia wapotelee mbali. Ni utani, ndio, lakini utani wa Freddie haukuwa wa bure. Hapa kuna mtu aliyezoea kupigiana kelele na wanaume watatu kuhusu kila noti, na sasa yuko peke yake na funguo za nyumba.

Sikumaliza chuo, kwa hivyo sina profesa wa kumnukuu hapa. Nina sahani mbili tu: moja ya CBS ya 1985, niliyoipata kwa mtu anayeuza santuri za mitumba, kava limekwaruzwa kona lakini sahani safi; na nyingine ya 2019, niliyoazimwa na rafiki asiyependa kuulizwa alilipa ngapi. Nimezicheza moja baada ya nyingine kwa wiki tatu, mashine ile ile, sindano ile ile, majirani wale wale. Nataka kueleza kwa nini hizi si albamu moja.

Kwanza tuelewane kuhusu chapa, kwa sababu watu wengi wa rika langu tunanunua santuri kama mapambo ya ukutani. Muziki ukishachanganywa na kuwekwa kwenye kanda, fundi huukata kwenye sahani laini ya laka. Sahani hiyo hupakwa chuma, na kutoka kwa chuma hicho hupatikana kalibu za kubania plastiki. Kila hatua ina mkono wa mtu. Ndiyo maana sahani mbili zenye kava moja zinaweza kusikika tofauti: labda zimekatwa na mafundi wawili, au moja imebanwa kalibu ikiwa mpya na nyingine kalibu ikiwa imechoka. Karibu na lebo, pale ambapo hakuna muziki, kuna namba na herufi zilizochorwa. Hizo ndizo kitambulisho cha sahani. Muuzaji akikuambia hii ni chapa ya kwanza, usibishane naye. Iinamishe kwenye mwanga usome. Nakala nyingi za CBS za Ulaya miaka hiyo zilibanwa Haarlem, Uholanzi, katika kiwanda kilichojulikana kwa kazi safi, na sahani za huko si adimu. Hii ni habari njema kwetu tusio na pesa. Albamu ambayo watu waliidharau hubaki na bei ya kibinadamu.

Pili, kuna hesabu ndogo ya umbo la sahani. Santuri ya kasi ya 33 na theluthi huzunguka mara moja kila sekunde 1.8. Sindano ikiwa ukingoni, katika mzunguko mmoja inapita mfereji wa takriban sentimita 91. Ikifika karibu na lebo, mzunguko ule ule una sentimita 38 hivi. Yaani wimbo wa mwisho wa kila upande una nafasi pungufu ya nusu ya ile ya wimbo wa kwanza kuandika kila sekunde yake. Sauti za juu hubanana, herufi ya "s" huanza kuchoma. Kwa hivyo anayepanga nyimbo za santuri anapanga pia nani atakaa kwenye kiti kizuri na nani atabanwa mlangoni kama abiria wa matatu ya saa kumi na mbili jioni.

Sasa tazama Freddie alivyopanga. Ukingoni mwa upande wa kwanza ameweka Let's Turn It On, wimbo wa mwili mtupu, ngoma na besi na kelele, na umepewa uwanja wote wa kukimbia. Mwisho wa upande wa pili, pale sindano inapobanwa, ameweka Love Me Like There's No Tomorrow, wimbo mpole kuliko yote, wa kuagana. Kwenye chapa ya 1985 unausikia ukihangaika. Sauti yake inapopanda, kuna chembe za mchanga pembeni. Mhandisi atakuambia hiyo ni kasoro, na kwa kweli ni kasoro. Lakini mtu anayeimba kwamba muda umekwisha, kwenye sehemu ya sahani ambapo nafasi imekwisha, mimi nashindwa kulalamika.

Katikati ya hizo mbili kuna albamu yenye sura nyingi kuliko sifa zake. Your Kind of Lover inaanza polepole kwa piano halafu inageuka mbio. Wimbo uliobeba jina la albamu hauna bendi ya roki. Una okestra nzima, violini na tarumbeta, na Freddie anaimba juu yake kama mtu anayeshuka ngazi za jumba la opera akiwa na viatu vya michezo. My Love Is Dangerous inaanza na mdundo wa rege, unaanza kutikisa kichwa, ghafla gitaa la roki linavunja mlango. There Must Be More to Life Than This ni piano na swali ambalo halijibiwi. Na Living on My Own, ambayo wengi wanaijua kama wimbo wa klabu, ina sehemu katikati ambapo Freddie anaacha maneno kabisa na kuanza kupiga sauti tu kama wanajazi, piano ya Fred Mandel ikimkimbiza nyuma. Anaimba kuhusu upweke, na anacheka ndani yake.

Huo ndio moyo wa albamu, kama utaniuliza. Munich ya miaka hiyo kwake ilikuwa klabu, usiku, wanaume aliowapenda, na asubuhi yake. Nyimbo za kasi ni za saa sita usiku na nyimbo za piano ni za saa kumi na moja alfajiri. Queen walikuwa na ufundi mkubwa wa kujaza kila nafasi: gitaa juu ya gitaa, sauti juu ya sauti, mpaka huoni ukuta. Hapa ukuta unaonekana. Sinthesaiza za 1985 ni nyembamba, zina baridi kidogo, na sauti ya mtu huyu mkubwa imesimama mbele yake ikiwa uchi. Wakosoaji wanaosema mpigo wa albamu hii ni wa plastiki wana haki. Wanachokosea ni kudhani hiyo ndiyo sababu ya kutosikiliza.

Nyimbo hizi hazikuachwa zipumzike. Freddie alifariki tarehe 24 Novemba 1991, na tangu hapo kila baada ya miaka michache kuna mtu aliyeamua kuzivalisha nguo mpya. Mwaka 1993 Living on My Own ilipigwa remiksi na No More Brothers na ikawa namba 1 Uingereza. Kumbuka kwamba wimbo huo huo 1985 uliishia namba 50. Mwaka 1995 Queen waliobaki walichukua sauti yake kutoka Made in Heaven na I Was Born to Love You, wakapiga vyombo upya chini yake, na nyimbo hizo zikaingia kwenye albamu ya Queen iliyoitwa Made in Heaven. Mwaka 2014 There Must Be More to Life Than This ikatoka tena kwenye Queen Forever, safari hii pamoja na sauti ya Michael Jackson iliyorekodiwa miaka ya themanini. Halafu mwaka 2019, ndani ya mkusanyiko wa Never Boring, Mr. Bad Guy yote ikachanganywa upya kutoka kwa kanda za mwanzo na kutolewa pia kwenye santuri.

Sikiliza I Was Born to Love You ya 1985, kisha ile ya 1995. Ya pili ni kubwa zaidi, sibishi. Gitaa la May linaingia na unajua uko nyumbani. Lakini kitu kimetokea kwa maneno. Kwenye ya kwanza, mtu mmoja anamwambia mtu mmoja kwamba alizaliwa kumpenda, na nyuma yake kuna mashine tu, kwa hivyo unamwogopea kidogo: je, akikataliwa? Kwenye ya pili ana jeshi nyuma yake. Hawezi kukataliwa. Wenzake walifanya hivyo kwa mapenzi na majonzi, na ningekuwa rafiki yake pengine nami ningefanya vivyo hivyo. Lakini walimrudisha kwenye bendi aliyokuwa ametoka kwa ruhusa, tena kwa shukrani.

Ile ya 2019 ni kesi ngumu zaidi, maana imefanywa kwa heshima na masikio mazuri. Ngoma zimepata uzito. Besi iko chini, imara, haitetemeki. Ule mwangwi mkubwa wa miaka ya themanini umepunguzwa, na sauti ya Freddie imesogezwa karibu hadi unasikia pumzi. Man Made Paradise, ambayo kwenye sahani ya zamani ni vurugu fulani ya vyombo vinavyogombania mlango, hapa inapangika, na kwa mara ya kwanza nilielewa kila mmoja anafanya nini. Made in Heaven nayo inapata ukubwa iliokuwa ikiutafuta. Kwa nyimbo hizo mbili, nikiwa mkweli, nachukua ya 2019 bila kufikiria.

Lakini weka Living on My Own. Kwenye chapa ya 1985 sauti iko mbali kidogo, imezungukwa na mwangwi, kama mtu anayeimba kwenye ukumbi baada ya wageni kuondoka. Kwenye ya 2019 amekaa karibu nawe kwenye kochi. Ni nzuri, ni safi, na upweke umepungua. Tulichokiita uchafu wa mchanganyo wa zamani kumbe kilikuwa sehemu ya habari. Nimejaribu mara nyingi kujiambia kwamba ni mazoea tu, kwamba nimeizoea sahani ya kwanza. Nikampigia rafiki asiyejua chochote kuhusu albamu hii, nikaficha kava zote mbili. Aliambiwa achague inayosikika vizuri, akachagua ya 2019. Nikamuuliza ni ipi inayohuzunisha, akaonyesha ile nyingine.

Hapo ndipo jambo lilipo. Mchanganyo wa 1985 una makosa, lakini ndio pekee ambao Freddie alikuwa chumbani, kama prodyuza, akisema hapa ongeza, hapa punguza, hii iache. Yote yaliyofuata ni tafsiri za watu wanaompenda. Tafsiri nzuri ni kitu kizuri, sisi wasomaji wa Kiswahili tunaishi nazo. Lakini mfasiri mwema haendi maktaba kuondoa kitabu cha asili rafuni. Leo ukiitafuta Mr. Bad Guy kwenye simu yako, utakayoletewa ni ile iliyochanganywa 2019. Mtoto wa miaka 16 atakayeipenda atadhani hivyo ndivyo 1985 ilivyosikika. Sahani ya zamani yenye kona zilizokwaruzwa imekuwa shahidi.

Na sisi huku tunapaswa kulielewa hili kuliko mtu yeyote. Nairobi ilikuwa na kiwanda chake cha kubana santuri. Benga, rumba na zilizopendwa zilizopitia hapo zilisikika Afrika Mashariki yote. Kanda nyingi za mwanzo hazipo tena. Zimepotea, zimeoza, nyingine zilifutwa zirekodiwe kitu kingine. Nyimbo kadhaa za enzi hiyo unazocheza kwenye simu zilitolewa kwenye sahani ya mtu aliyeitunza kabatini, na ile mikwaruzo unayoisikia ni ya sebule yake. Freddie ana bahati: kanda zake zipo, zimetenganishwa sauti kwa sauti, na kuna watu wanaolipwa kuzichanganya upya. Wanamuziki wetu wengi wana sahani tu. Kwa hivyo msee anayekucheka kwa kusoma namba zilizochorwa karibu na lebo, mwambie hiyo ndiyo kumbukumbu tuliyo nayo.

Najua pia kuna mtu amesubiri tangu mwanzo nitamke neno Zanzibar. Haya. Farrokh Bulsara alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, mtoto wa familia ya Kiparsi. Alisomea India, akarudi, na mwaka 1964 baada ya Mapinduzi familia ikahamia Uingereza. Mji Mkongwe leo kuna nyumba ya makumbusho yenye jina lake, na watalii hupiga picha mlangoni. Mwaka 2006 sherehe iliyopangwa huko ya miaka 60 tangu azaliwe ilifutwa baada ya kundi la kidini kupinga, sababu ikiwa maisha yake ya mapenzi. Kwa hivyo tunamtaka, halafu hatumtaki, halafu tunamtaka tena mtalii akilipa tiketi.

Sitakudanganya kwamba nimesikia taarabu ndani ya Mr. Bad Guy. Haimo. Ukiitafuta utakuwa unafanya kazi ya bodi ya utalii. Kilichomo ni mtu ambaye alihama, akabadilisha jina, akajijengea familia ya bendi, kisha akiwa karibu miaka 40 akataka kujua anasikikaje akiwa peke yake. Anayejua maana ya kukaa bedsita Nairobi, mbali na watu waliokulea, na usiku wa Ijumaa ukawa na kelele kuliko furaha, hahitaji kuonyeshwa cheti cha kuzaliwa cha mwimbaji ili amwelewe.

Je, ni albamu kuu? Hapana. Foolin' Around ingeachwa na hakuna ambaye angelia. Sauti za kuitikia mahali pengine zimewekwa tu kwa sababu mashine ilikuwa na nafasi. Mtu wa kumwambia "hapana, Freddie" alikosekana, na mara mbili tatu unamtamani. Lakini kuna nyimbo sita hapa ambazo ningeziweka karibu na kazi zake bora, na sehemu ya ubora wake ni hasa kwamba hakuna aliyemwambia hapana.

Kama una pesa ya sahani moja, chukua ya 1985. Kagua ukanda wa karibu na lebo, hakikisha upande wa pili haujachakazwa na sindano butu, maana nyimbo za mwisho ndizo huumia kwanza. Ioshe. Kama huna mashine, sikiliza ya 2019 kwenye simu, utafurahi, usione haya. Ila ukifika Living on My Own, punguza sauti kidogo, sogea mbali na spika, nenda hata jikoni. Ukiisikia kutoka chumba kingine utakuwa umekaribia zaidi jinsi alivyotaka isikike.